Fungueni hita zenu mtazame anodi kabla tangi halijatoboka

Ndugu Mhariri,

Kipupwe kimeingia, na hita za maji zilizokaa bila kuwashwa kwa miezi mingi zinawashwa upya katika nyumba za Dar es Salaam. Huu ndio msimu ambao mafundi huitwa kwa malalamiko yaleyale: maji ya moto yanatoka mekundu, dari ya bafu imelowa, hita inadondosha chini. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tueleze jambo ambalo wenye nyumba na wapangaji wengi hawaambiwi siku wanaponunua hita. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu, iitwayo anodi, iliyowekwa makusudi iliwe badala ya tangi. Ikiisha na isibadilishwe, linaloliwa ni tangi lenyewe.

Hita nyingi zinazouzwa Kariakoo, za lita 30, 50 na 80, tangi lake la ndani ni chuma cha kawaida kilichopakwa enameli, yaani aina ya kioo kinachochomwa juu ya chuma kwenye tanuri la joto la nyuzi 800 na zaidi. Ni mpako uleule wa vikombe vya bati ambavyo wazee wetu walinywea chai. Aliyewahi kuwa na kikombe kile anajua: pakibanduka hata padogo kama punje ya mtama, kutu huanzia hapo. Tangi la hita halitoki kiwandani likiwa limefunikwa kikamilifu. Penye viungo vilivyochomelewa na kwenye kingo za mdomo wa chini hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila tangi linapopata moto na kupoa, mpako hujikunja na kujinyoosha kidogo, nyufa nyembamba zikaongezeka. Waliounda hita wanajua hivyo, ndiyo maana wakaweka anodi.

Kazi ya anodi si ya miujiza. Metali mbili zikiunganishwa na kuzamishwa kwenye maji yaleyale, ile iliyo tayari zaidi kuyeyuka huyeyuka, na nyingine husalimika. Wanasayansi hupima utayari huo kwa volti: magnesiamu iko kwenye -2.37, zinki -0.76, chuma -0.44. Tofauti ya magnesiamu na chuma ni kubwa, kwa hiyo magnesiamu hutangulia. Mwananchi ameshaliona jambo hili bila kulipa jina. Bati la kuezekea lenye mpako wa zinki, likikwaruzwa na msumari, halishiki kutu siku hiyohiyo kwa sababu zinki iliyo pembeni huliwa kwanza. Meli za chuma nazo hufungwa vipande vya zinki chini ya maji kwa sababu hiyohiyo, na mabaharia huvibadilisha vikiliwa. Kwa nini basi cha ndani ya hita hakibadilishwi? Kwa sababu hakionekani.

Sasa tuje kwenye maji ya Dar, maana hapa ndipo vitabu vya hita vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine vinapotuacha. Nyumba inayopata maji ya DAWASA kutoka mitambo ya Ruvu na nyumba inayotumia kisima haziwezi kufuata ratiba moja. Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, na chumvi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hupitisha umeme vizuri, hivyo anodi huliwa haraka, na kloridi iliyomo hushambulia chuma popote mpako ulipopasuka. Kipimo cha kwanza ni ulimi wako. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ladha ya kloridi huanza kutambulika kati ya miligramu 200 na 300 kwa lita. Kama maji yako unayasikia chumvi mdomoni, hesabu kwamba anodi yako inafanya kazi ngumu. Wanaochanganya, leo kisima, kesho boza, keshokutwa Dawasa, wajipange kama watu wa kisima.

Vitabu husema anodi ikaguliwe mara moja kwa mwaka. Kwa maji ya Dawasa peke yake tunakubaliana navyo. Kwa maji ya kisima chenye chumvi, ukaguzi wa kwanza uwe miezi 6 tangu hita ifungwe. Ukikuta imeliwa nusu ndani ya miezi hiyo, umeshapata ratiba ya nyumba yako: kila miezi 6 hadi 8, badilisha. Ukikuta imeguswa kidogo tu, ongeza muda. Ratiba nzuri ni ile inayotoka ndani ya tangi lako, si ya jirani.

Kuna wanaodhani tiba ni kununua tangi la chuma kisichoshika kutu. Tunashauri tahadhari. Chuma hicho cha daraja la kawaida, linaloandikwa 304, hupata vishimo na nyufa penye viungo kikikaa kwenye maji ya moto yenye kloridi nyingi. Kwa nyumba ya kisima cha chumvi, tangi la enameli lenye anodi inayobadilishwa kwa wakati ni chaguo salama zaidi kuliko tangi la 304 lisilo na anodi. Zipo pia anodi za umeme, zenye fimbo ya titani isiyoliwa. Ni nzuri, ila zinahitaji umeme muda wote. Nasi wengi huwasha hita dakika 40 kabla ya kuoga kisha tunazima swichi ili kuokoa uniti za LUKU. Swichi ikizimwa, ulinzi nao umezimwa. Magnesiamu hufanya kazi usiku na mchana bila uniti hata moja.

Kazi yenyewe ya kukagua na kubadilisha huchukua saa moja na nusu hadi mbili kwa hita ya ukutani. Tunaieleza kwa kirefu ili mwenye nyumba ajue fundi anapaswa kufanya nini, hata kama hatashika spana yeye mwenyewe.

Umeme uzimwe kwenye saketi breka, si kwenye swichi ya hita tu. Swichi iliyofungwa vibaya hukata nyutro ikaacha laini yenye umeme, na taa nyekundu ikizimika mtu hudhani pako salama. Kifuniko kikifunguliwa, pima kwa testa kwenye vituo vyote viwili vya elementi, yaani kile chuma kinachopasha maji moto, kabla ya kugusa waya. Kisha fungua bomba la moto mpaka maji yatoke ya baridi, maana maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Funga koki ya maji ya baridi. Acha bomba la moto wazi ili hewa iingie, halafu inua kishikio cha valvu ya usalama, maji yatoke kwa mpira hadi kwenye ndoo. Kwenye hita za ukutani maji hutokea upande wa bluu, wa maji ya baridi, na hewa huingilia upande wa nyekundu, wa maji ya moto, kwani bomba la ndani la upande huo hupanda hadi juu ya tangi. Yakitoka kwa kusitasita, legeza nati ya upande wa nyekundu, hewa itapita. Lita 50 ni ndoo mbili na nusu za lita 20, ziandae mapema.

Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuzichomoa. Thamostati, yaani kidhibiti joto, huchomolewa kwa kuvutwa chini. Nati za sahani ya chini, ile inayoshika elementi na kuziba mdomo wa tangi, huwa namba 10 au 13 kwenye hita nyingi, tano kwa kuzunguka au moja ya katikati yenye daraja, yaani kipande cha chuma kinachokatisha mdomo. Sahani yenye daraja haivutwi chini moja kwa moja: isukume ndani kwanza, izungushe, kisha itoe kwa upande, kwa sababu umbo lake ni la yai. Anayeilazimisha hukwaruza enameli ya mdomoni, na hapo ndipo kutu inapopenda kuanzia. Weka beseni chini, kwani lita moja au mbili hubaki tangini daima, pamoja na tope.

Anodi utaiona imesimama kando ya elementi. Mpya kwenye hita ya lita 50 huwa nene kama kidole gumba, milimita 20 hivi, na ndefu sentimita 20 hadi 30. Ikiwa imepungua chini ya nusu ya unene wake, au waya wa chuma wa katikati umejitokeza, muda wake umekwisha. Usiihurumie eti imebaki kidogo. Ikiwa imefunikwa na ukoko mgumu mweupe lakini ndani ingali nene, isugue kwa brashi ya waya mpaka magnesiamu ing'ae, kisha irudishe.

Na hapa pana kosa ambalo mafundi wengi hulipita. Ukikuta anodi iko kama mpya baada ya miaka miwili kwenye maji ya chumvi, usifurahi. Maana yake ni kwamba haigusani na tangi kwa umeme, kwa hiyo haikufanya kazi, na tangi limekuwa likiliwa peke yake muda wote huo. Chukua mita, iweke kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye anodi iliyosuguliwa na nyingine kwenye skrubu ya arthi. Inapaswa kusoma chini ya omu 1. Mara nyingi sababu ni kutu kwenye uzi wa skrubu ya anodi, au fundi aliyetangulia kuzungushia tepe nyeupe ya mabomba. Skrubu hii haizungushiwi tepe. Inahitaji chuma kiguse chuma. Kwenye modeli ambazo anodi imeunganishwa kwa waya, rudisha waya uleule mahali pake. Vilevile kuna hita ambazo elementi ya shaba imetengwa na sahani kwa plastiki au kwa rezista ndogo, ili anodi isipoteze nguvu kuilinda shaba. Fundi akiweka elementi ya kubahatisha isiyotengwa, anodi itakwisha upesi na hakuna atakayejua kwa nini.

Unapokwenda Kariakoo au Gerezani kununua, beba ile ya zamani. Skrubu huwa M5, M6 au M8, yaani unene wa milimita 5, 6 au 8, na hazibadilishani. Ndefu kuliko ya awali haitafaa, kwani itagusa elementi au ukuta wa tangi. Nunua na gasketi mpya, ule mpira wa kuziba kati ya sahani na tangi, papo hapo. Gasketi ya zamani ikishafunguliwa imeshaminywa, na tone linalopita hapo hushuka juu ya vituo vya umeme.

Tangi likiwa wazi, lisafishe. Ingiza mpira wa maji na usukume mpaka maji yanayotoka yawe safi; tope likilala chini huficha chuma na kukiozesha bila kuonekana. Elementi yenye ukoko iloweke nje ya tangi kwenye siki, au gramu 50 za asidi ya limao ya unga kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, saa moja au mbili, kisha uukwangue kwa kijiti cha mbao. Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo hazifai, hula shaba. Wala usiingize bisibisi tangini kukwangua, au kugonga kwa nyundo kutoka nje ili ukoko udondoke. Unagonga kioo.

Hapo hapo turekebishe usemi mmoja unaozagaa, kwamba ukoko unakula umeme. Kwenye hita ya umeme, moto wote wa elementi huishia kwenye maji, hata ukichelewa kupita kwenye ukoko. Kinachoumia ni elementi: joto likishindwa kutoka, koti lake hupasuka, maji huingia, umeme huvuja. Lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 zinahitaji karibu uniti 1.9, na elementi ya wati 1500 huchukua saa moja na robo hivi. Hita ikianza kujizima kabla maji hayajapata moto, mtuhumiwa wa kwanza ni ukoko kuzunguka elementi na fimbo ya thamostati.

Kurudisha: futa mahali pa gasketi pakauke, kaza nati kwa kupishana, hii kisha inayoitazama, kidogo kidogo, usikaze moja mpaka mwisho. Fungua maji huku bomba la moto likiwa wazi, subiri mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa. Kagua kwa karatasi ya chooni kuzunguka sahani yote; karatasi huonyesha tone ambalo kidole hakilioni. Ndipo uwashe umeme. Anayewasha kabla tangi halijajaa atanunua elementi siku hiyohiyo. Maji yakishapata moto, kagua tena na uongeze robo mzunguko panapohitajika.

Joto nalo lina neno. Thamostati ikae nyuzi 60. Zaidi ya hapo ukoko hujijenga haraka na anodi huliwa kwa kasi. Chini sana ya hapo bakteria hupata makazi. Harufu ya yai bovu kwenye maji ya moto peke yake hutokana na bakteria wanaokula salfati, na magnesiamu huwasaidia. Suala hilo hutatuliwa kwa kupandisha joto hadi nyuzi 60 na zaidi kwa saa kadhaa na kusafisha tangi, au kuweka anodi ya alumini yenye zinki. Kuondoa anodi kabisa, kama wengine wanavyofanya, huondoa harufu leo na kutoboa tangi baadaye.

Valvu ya usalama lazima tuiseme, hata kama si kutu. Ni kile kipande cha shaba ya njano chenye kishikio, kwenye bomba la bluu, kilichoandikwa 0.8 MPa, yaani bar 8. Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 65 huongezeka karibu lita 0.8, glasi tatu za maji. Ndani ya valvu kuna nonritani isiyoruhusu maji kurudi kwenye simtanki, kwa hiyo ziada hutoka kwa kudondosha wakati wa kuchemka. Huo si ubovu. Mtu anayeiziba kwa plagi, au kuing'oa, anaiacha hita bila pumzi; thamostati ikigoma, tangi linaweza kupasuka na kubomoa ukuta. Na bila nonritani, siku ya mgao maji hurudi nyuma, tangi hubaki na unyevu na hewa, hali ambayo kutu huipenda kuliko zote. Mpira wa kutolea tone uelekezwe chini, wazi, na kishikio kiinuliwe mara moja kwa mwezi ili kisigande.

Nyumba itakayokaa bila watu wiki kadhaa, zima umeme lakini acha tangi limejaa. Ukirudi, fungua bomba la moto taratibu, madirisha wazi, bila moto wala sigara karibu: magnesiamu hutoa haidrojeni kidogo kidogo, nayo hujikusanya juu ya tangi.

Tangi lililokwisha kutoboka halichomelewi. Moto wa kuchomelea hupasua enameli kuzunguka kiraka, na sponji ya kuhifadhi joto iliyo nje ya tangi hushika moto na kutoa moshi wa sumu. Anayekuuzia kiraka hicho anakuuzia tundu jipya. Hakikisha tu kwanza kwamba ni tangi: futa chini pakauke, kaza sahani, subiri saa moja. Tone likitokea kwenye gasketi, una gasketi mbovu. Likitokea kwenye mshono wa ganda la nje, tangi limetoboka; lipeleke kwa mwenye vyuma chakavu.

Maombi yetu ni machache. Wauzaji wa hita waweke anodi na gasketi kwenye rafu ileile ya hita, na wamwambie mteja kipimo chake. Waagizaji, kwa kusimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, waandike kwa Kiswahili kwenye ganda la hita ukubwa wa anodi na muda wa kuikagua. Wenye nyumba za kupangisha waingize ukaguzi huu kwenye matengenezo ya nyumba, wasimwachie mpangaji ambaye hata hajui hita ilifungwa lini. Na kila fundi akimaliza kazi abandike karatasi chini ya hita yenye mambo manne: tarehe, uzi na urefu wa anodi aliyoweka, unene wa ile aliyoitoa, na aina ya maji ya nyumba hiyo. Fundi atakayefuata, awe yeye au mwingine, ataanzia hapo.

Mafundi bomba na umeme wa majumbani,
Sinza, Dar es Salaam